Anilini na Jamaa Zake: Jinsi Amini za Aromatiki Zinavyotambuliwa

Nili ni neno la siku nyingi katika Kiswahili. Wafuaji wa kanzu na shuka huijua kuwa ni rangi ya buluu inayotiwa katika maji ya mwisho ili weupe wa nguo upate kung'aa. Asili ya neno hili ni Kisanskriti, ambako nila maana yake ni buluu iliyoiva. Waarabu walilichukua wakasema an-nil. Wareno wakalipokea kwao wakasema anil. Na katika karne ya 19 wataalamu wa kemia wa Ulaya wakalitumia neno hilo la Kireno kuunda jina jipya, anilini. Basi kitu ambacho mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki hudhani kina jina geni kabisa, kwa kweli kina jina lililo ndugu wa neno alilolisikia nyumbani kwao.

Neno benzini lina historia ya namna hiyohiyo. Waarabu waliuita utomvu fulani wenye manukato lubani jawi, yaani ubani wa Jawa. Watu wa Ulaya waliposikia jina hilo walidhani silabi ya kwanza si sehemu ya neno, wakaiacha. Na sehemu iliyobaki ikageuka kidogo kidogo hata ikawa benzoini. Mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich alitengeneza majimaji mepesi kutokana na tindikali iliyotoka katika ubani huo, na jina la majimaji hayo likafuata jina la ubani. Hivyo nili na ubani, vitu viwili vilivyozoeleka pwani kwa karne nyingi, vimeacha majina yao katika sehemu moja kubwa ya elimu ya kemia.

Walakini ujamaa wa majina si ujamaa wa vitu. Nili inayouzwa madukani leo kwa kufulia aghalabu haitoki katika mmea wowote. Anilini, iliyopewa jina la rangi, haina rangi inapokuwa safi. Benzini inayozungumzwa hapa siyo petroli ya magari, ijapokuwa watu wengine huita petroli kwa jina hilo. Jina, rangi na harufu ni mashahidi wasiotosha. Kwa sababu hiyo wataalamu walilazimika kubuni majaribio ya kuwawezesha kujibu swali hili: Ikiwa katika chupa mna majimaji yasiyojulikana, mtu atathibitishaje kwamba ni amini ya aromatiki, tena ni amini ipi hasa? Jibu lake lina uzito mkubwa, kwa kuwa baadhi ya vitu hivi hutibu wagonjwa na baadhi vimeua watu waliovishika kwa mikono yao.

Majina manne, kitu kimoja

Mwaka 1826 Otto Unverdorben aliipasha nili moto mkali akakusanya mvuke wake, akapata mafuta ambayo chumvi zake ziliganda upesi kuwa fuwele. Akayaita mafuta hayo kristalini. Mwaka 1834 Friedlieb Ferdinand Runge alipata mafuta mengine katika lami ya makaa ya mawe. Aliona kuwa yakichanganywa na chokaa ya klorini, ambayo hutumika kung'arisha nguo, hutoa rangi nzuri ya buluu ya zambarau. Naye akayaita kianoli, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya buluu. Mwaka 1840 Carl Julius Fritzsche alipika nili pamoja na potasi kali akapata mafuta aliyoyaita anilini. Mwaka 1842 Nikolai Zinin, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Kazan nchini Urusi, alitengeneza mafuta yake kutokana na nitrobenzini, akayaita benzidamu.

Kwa muda elimu ya kemia ilikuwa na vitu vinne, kila kimoja na mwenyewe. Mwaka 1843 August Wilhelm Hofmann, kijana aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Liebig mjini Giessen, alivilinganisha vitu hivyo, akaonyesha kwamba vyote vinne ni kitu kimoja. Jina la anilini ndilo lililodumu.

Kisa hiki kina fundisho mbili. Ya kwanza ni kwamba mahali kitu kilikotoka, iwe katika mmea, katika lami au katika chupa ya mtaalamu, hakubadilishi tabia yake. Ya pili ni kwamba umoja wa vitu huthibitishwa kwa kulinganisha tabia nyingi pamoja, si moja tu. Kama itakavyoonekana mbele, fundisho la pili lilisahauliwa zaidi ya mara moja, na gharama yake ikawa kubwa.

Amini ni nini

Ili majaribio yafahamike, yafaa kwanza maumbile ya vitu hivi yaelezwe. Amonia, gesi yenye harufu ya kuchoma pua, ina atomu moja ya nitrojeni iliyoshikana na atomu tatu za hidrojeni. Atomu ya hidrojeni ikiondolewa na mahali pake pakakaliwa na kikundi cha atomu za kaboni, amonia hugeuka kuwa amini. Ikiondolewa hidrojeni moja, amini huwa ya daraja la kwanza. Zikiondolewa mbili, huwa ya daraja la pili. Zikiondolewa zote tatu, huwa ya daraja la tatu.

Kikundi cha kaboni chaweza kuwa cha namna mbili. Chaweza kuwa mnyororo, kama katika amini zinazotoa harufu ya samaki aliyeharibika. Au chaweza kuwa pete ya kaboni sita, ile pete ya benzini ambayo umbo lake lilielezwa na August Kekulé mwaka 1865. Nitrojeni iliyoshikana na pete hiyo moja kwa moja hufanya amini ya aromatiki. Neno aromatiki lilikuwa na maana ya manukato, kwa kuwa vitu vya kwanza vya jamii hii vilitoka katika ubani na mafuta mazuri. Lakini leo lahusu pete peke yake. Zipo amini za aromatiki zenye harufu mbaya, na zipo zisizo na harufu yo yote.

Tofauti kati ya mnyororo na pete ndiyo msingi wa majaribio yote. Pete huivuta kwake sehemu ya nguvu ya nitrojeni, na hivyo kuidhoofisha katika kupokea tindikali. Kwa upande mwingine, nitrojeni huiamsha pete, ikawa nyepesi kushikana na vitu vingine na kutoa rangi.

Majaribio ya awali

Jaribio la kwanza ni la tindikali. Anilini ni nzito kidogo kuliko maji, na ikitiwa majini sehemu kubwa hushuka chini kama matone ya mafuta. Ikiongezwa tindikali hafifu ya haidrokloriki, matone hayo hutoweka, kwa sababu anilini imegeuka kuwa chumvi inayomumunyuka. Ikiongezwa alkali, mafuta hurudi. Kuenda na kurudi huko kwaonyesha kuwa kitu hicho ni amini. Walakini jaribio lina mipaka. Difenilamini, iliyo na pete mbili juu ya nitrojeni moja, ni dhaifu mno; haimumunyuki katika tindikali hafifu, nayo ni amini kama nyingine.

Jaribio la pili ni la maji ya bromini. Tone la anilini likitiwa katika maji hayo, rangi yake ya machungwa hupotea na mashapo meupe huonekana papo hapo. Bromini tatu zimeingia katika pete. Lakini fenoli, ambayo si amini, hutoa mashapo meupe vilevile. Anayetegemea jaribio hili peke yake atachanganya vitu viwili vya jamii mbali mbali. Akirudi katika jaribio la kwanza atavitenga: anilini humumunyuka katika tindikali, na fenoli katika alkali.

Jaribio la tatu ni la chokaa ya klorini, lile aliloliona Runge. Anilini hutoa rangi ya zambarau ambayo hufifia baadaye ikawa chafu. Ni jaribio jepesi na lenye kupendeza macho, lakini rangi hutofautiana kwa jamaa mbalimbali za anilini, na jamaa wengine hawaitoi kabisa.

La nne ni jaribio la Hofmann. Amini hupashwa moto pamoja na klorofomu na potasi kali iliyomumunyishwa katika alkoholi. Ikiwa ni amini ya daraja la kwanza, hutoka harufu mbaya sana isiyosahaulika na mtu aliyeinusa mara moja. Jaribio hili latenga daraja la kwanza na madaraja mengine mawili, lakini halisemi lo lote juu ya pete, maana amini za mnyororo za daraja hilo hutoa harufu ileile. Tena mvuke wake ni sumu; hufanywa kwa matone machache tu, mahali penye hewa inayovutwa nje, na neli husafishwa kwa tindikali kabla ya kumwagwa.

Jaribio la Griess

Jaribio linalotenga pete na mnyororo lina asili yake katika kazi ya Peter Griess, Mjerumani aliyetangaza mwaka 1858 jamii mpya ya vitu vinavyoitwa diazo. Baadaye Griess alikwenda Uingereza akafanya kazi katika kiwanda cha pombe mjini Burton upon Trent, akaendelea na utafiti wake katika nafasi aliyoipata.

Namna ya kulifanya ni hii. Amini humumunyishwa katika tindikali ya haidrokloriki na kupozwa katika barafu hata joto lishuke chini ya nyuzi 5 za sentigredi. Nitriti ya sodiamu iliyomumunyishwa katika maji nayo hupozwa, kisha hutiwa tone baada ya tone. Karatasi yenye wanga na iodidi ya potasi ikigeuka buluu, ni dalili kwamba nitriti imetosha. Hapo madaraja na jamii hujitenga. Amini ya mnyororo ya daraja la kwanza hutoa povu mara moja, nayo ni nitrojeni inayokimbia. Amini ya aromatiki ya daraja la kwanza hutulia bila povu, maana pete inaishikilia nitrojeni maadam kuna baridi. Amini ya daraja la pili hutoa mafuta ya manjano. Amini ya aromatiki ya daraja la tatu, kama dimethilanilini, hutoa rangi ya machungwa, ambayo alkali huigeuza kuwa mashapo ya kijani.

Kisha huja hatua ya mwisho. Maji yale yaliyotulia humiminwa katika naftoli ya pili iliyomumunyishwa katika alkali. Ikiwa amini ilikuwa ya aromatiki na ya daraja la kwanza, rangi nyekundu ya machungwa hutokea ghafla, iliyokoza hata kiasi kidogo sana cha amini chaweza kuonekana. Nitrojeni mbili zimekuwa daraja kati ya pete mbili, na daraja hilo ndilo linaloleta rangi. Rangi nyingi za viwandani za kutia nguo zimejengwa kwa njia hiyohiyo.

Baridi hapa ni sharti. Maji yakipata joto, nitrojeni hukimbia na harufu ya fenoli husikika. Mpimaji atakosa rangi na huenda akasema hapana amini, hali ipo. Hatari nyingine ni kwamba chumvi za diazo zikikaushwa huweza kulipuka, kwa hiyo huachwa majini na kutumiwa mara zinapotengenezwa. Tena yale mafuta ya manjano ya daraja la pili ni ya jamii ya nitrosamini, ambayo wengi wake wametambuliwa kuleta saratani kwa wanyama. Hayaguswi kwa mkono wala hayahifadhiwi.

Jaribio hili limegeuzwa pia likatumika kinyumenyume. Madhali amini na nitriti pamoja hutoa rangi, mtu aliye na amini aweza kuitafuta nitriti. Vijiti vinavyotumika hospitalini kupimia mkojo vina sehemu ndogo yenye amini ya aromatiki. Bakteria wengi wanaoleta maradhi ya njia ya mkojo hutengeneza nitriti, na sehemu hiyo hugeuka rangi. Mgonjwa anayeonyeshwa kijiti chenye rangi ya waridi ameonyeshwa kazi ya Griess.

Jaribio la Hinsberg

Mwaka 1890 Oscar Hinsberg alitangaza njia ya kutenga madaraja matatu kwa jaribio moja. Amini hutikiswa pamoja na kloridi ya benzini-sulfonili na alkali. Amini ya daraja la kwanza hufanya kitu kinachomumunyuka katika alkali, na maji hubaki meupe. Yakitiwa tindikali, kitu kigumu hujitokeza. Amini ya daraja la pili hufanya kitu kigumu kisichomumunyuka katika alkali. Amini ya daraja la tatu haishikani na kitu hicho. Hubaki mafuta kama ilivyokuwa, na humumunyuka tindikali inapoongezwa.

Mpimaji aliyefuata jaribio la tindikali, la Griess na la Hinsberg kwa utaratibu, sasa ajua mambo matatu: kwamba ana amini, kwamba ina pete, na kwamba ni ya daraja fulani. Bado hajui ni ipi.

Ndugu wanaofanana

Mwaka 1856 William Henry Perkin, mwanafunzi wa Hofmann mjini London, akiwa na umri wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, katika chumba cha nyumbani kwao. Kwinini hakuipata. Katika majaribio yake aliichanganya anilini na kitu cha kuipa oksijeni, akapata mashapo meusi ambayo ndani yake mlikuwa na rangi ya zambarau. Rangi hiyo ilimtajirisha na kuanzisha viwanda vya rangi vya Ulaya. Lakini anilini ya Perkin haikuwa safi. Ilikuwa imechanganyika na toluidini, jamaa wa anilini wenye kikundi kimoja cha kaboni zaidi juu ya pete, na rangi ile isingepatikana bila jamaa hao. Katika jambo hilo uchafu ulileta heri.

Majaribio yaliyotajwa hapo juu yangemwonyesha Perkin nini? Anilini na toluidini zote humumunyuka katika tindikali. Zote hutoa harufu ya Hofmann. Zote hutoa rangi nyekundu ya Griess. Kwa hiyo hapana budi kutumia njia nyingine, nayo ni kuigeuza amini kuwa kitu kigumu chenye fuwele safi na kupima joto la kuyeyuka kwake. Anilini ikigeuzwa kwa anihidridi ya asetiki, fuwele zake huyeyuka katika nyuzi 114. Toluidini ziko tatu, kwa kadiri ya mahali kikundi kilipokaa juu ya pete. Fuwele za toluidini ya orto, zilizopatikana kwa njia hiyohiyo, huyeyuka karibu na nyuzi 110, za meta karibu na 65, na za para karibu na 150.

Nyuzi 114 na 110 zakaribiana mno, na kipimo kidogo cha uchafu chaweza kuzichanganya. Hapo hutumika hila ya mchanganyiko: fuwele zisizojulikana husagwa pamoja na fuwele za anilini zinazojulikana. Zikiwa ni kitu kimoja, joto la kuyeyuka halibadiliki. Zikiwa ni vitu viwili, mchanganyiko huyeyuka mapema zaidi na polepole. Kazi hii yahitaji subira, lakini jibu lake ni la hakika.

Gharama ya kukosea jina

Mwaka 1895 Ludwig Rehn, tabibu wa upasuaji mjini Frankfurt, alieleza habari za uvimbe katika kibofu cha mkojo uliowapata wafanyakazi wa kiwanda cha rangi ya fuksini. Kwa kuwa rangi hizo zilijulikana kwa jumla kama rangi za anilini, maradhi nayo yakaitwa saratani ya anilini. Jina hilo lilienea na kudumu, nalo lilipotosha. Viwandani mlikuwa na amini nyingi, na jina moja liliwafunika wote.

Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa taarifa iliyozitaja benzidini na naftilamini ya pili kuwa ndizo za kuogopwa. Mwaka 1938 Wilhelm Hueper na wenzake walionyesha kwamba naftilamini ya pili huleta uvimbe wa kibofu kwa mbwa. Mwaka 1954 Robert Case na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa viwanda vya rangi vya Uingereza, ambao ulihusisha saratani ya kibofu na benzidini na naftilamini, si na anilini yenyewe. Mwaka 1967 sheria ya Uingereza ilipiga marufuku benzidini na naftilamini ya pili. Kati ya Rehn na sheria hiyo ilipita miaka 72. Katika muda huo wote watu waliendelea kuingia viwandani asubuhi, na maradhi yenyewe huchukua miaka mingi kabla ya kujionyesha.

Naftilamini ni mfano ulio wazi kuliko yote. Ziko mbili, ya kwanza na ya pili. Zina atomu zilezile kwa idadi ileile. Tofauti ni mahali nitrojeni iliposhikana na pete. Jaribio la Griess huzipa zote rangi nyekundu. Kwa joto la kuyeyuka zatengana: ya kwanza huyeyuka karibu na nyuzi 50, ya pili karibu na nyuzi 111. Ya pili ndiyo iliyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Nayo ya kwanza iliyouzwa viwandani zamani ilikuwa imechanganyika na sehemu ya ile ya pili, hata mtu aliyedhani ameshika ndugu mpole alikuwa ameshika wote wawili.

Haya hayana maana kwamba anilini ni salama. Hupenya ngozi na kuizuia damu isichukue oksijeni vema, mpaka midomo na kucha zikawa na rangi ya kibuluu. Tena mwaka 2020 wataalamu walioitwa na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa binadamu. Toluidini ya orto imekwisha wekwa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuileta.

Nguo, piko na dawa

Hatari haikubaki viwandani. Rangi ya nguo iliyojengwa kwa daraja la nitrojeni mbili yaweza kuvunjwa, na amini iliyofichika ndani yake ikatoka. Rangi iitwayo nyekundu ya Kongo, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya AGFA ya Berlin mwaka 1885, siku ambazo mataifa ya Ulaya yalikutana katika mji huo kuamua mambo ya Kongo, haikuwa na uhusiano wo wote na nchi hiyo isipokuwa jina. Ndani yake ilikuwa na benzidini. Ujerumani ilitangulia mwaka 1994 kukataza rangi za namna hiyo katika vitu vinavyogusa mwili, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2002. Amini 22 zilitajwa, na kila mojawapo haitakiwi kuzidi miligramu 30 katika kilo moja ya nguo au ngozi. Sheria hiyo yahusu pia bidhaa zinazoingia kutoka nchi za nje.

Upimaji wa nguo wafuata mantiki ileile ya zamani kwa vyombo vipya. Kipande cha nguo hupashwa joto la nyuzi 70 pamoja na dithioniti ya sodiamu, ambayo hulivunja daraja la rangi. Amini zilizotoka hukusanywa, hutengwa katika mrija mrefu mwembamba ambamo kila moja hupita kwa mwendo wake, kisha hupimwa uzito wa molekuli yake na wa vipande vyake. Hata hapo ndugu wenye uzito mmoja huweza kumdanganya mpimaji, na jibu la hatari huhakikishwa kwa njia ya pili iliyo tofauti na ya kwanza.

Pwani ya Afrika ya Mashariki ina mfano wake. Hina safi, itokayo katika majani ya mhina, huacha rangi ya machungwa, nyekundu au ya hudhurungi, nayo huhitaji saa nyingi kukolea. Piko nyeusi inayochorwa mikononi na miguuni pamoja na hina aghalabu hutengenezwa kwa rangi ya nywele yenye parafenilenidiamini, amini ya aromatiki yenye nitrojeni mbili juu ya pete moja. Ngozi za watu wengine huikataa: huvimba, hutoka malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la ua lililochorwa. Mwili uliokwisha kuikataa mara moja hauisahau, na mtu aweza kudhurika tena miaka mingi baadaye kwa rangi ya nywele. Katika Umoja wa Ulaya amini hii hairuhusiwi kupakwa juu ya ngozi, na katika rangi ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2 inapopakwa. Bibi arusi anayeona unga mweusi hana maabara. Lakini weusi unaokolea upesi ni dalili ya kutosha kumfanya aulize, maana mhina peke yake hautoi weusi huo.

Upande wa pili ni dawa. Mwaka 1939 Bratton na Marshall, waliokuwa Baltimore nchini Marekani, walilitengeneza upya jaribio la Griess ili kupima dawa za jamii ya sulfa katika damu na mkojo, kwa kuwa nyingi za dawa hizo ni amini za aromatiki za daraja la kwanza. Sulfadoksini, iliyo nusu ya dawa iitwayo SP, ni mojawapo. Tanzania Bara iliiteua SP kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, hata ilipobadilishwa kwa dawa ya mseto mwishoni mwa mwaka 2006. Na waja wazito huendelea kupewa ili kuwakinga. Rangi ya zambarau ya jaribio la Bratton na Marshall yaweza kuonyesha kama mgonjwa amemeza sulfa, au kama kidonge kina sulfa ndani yake. Haiwezi kuonyesha kwamba sulfa hiyo ni sulfadoksini na si nyingine, wala kwamba nusu ya pili ya dawa imo.

Kwa hiyo kila jaribio lina swali lake moja. Tindikali huuliza kama kitu ni amini. Nitriti huuliza kama ina pete. Hinsberg huuliza daraja. Joto la kuyeyuka na vyombo vya kisasa huuliza jina. Mpimaji mwaminifu huandika katika taarifa yake kile tu jaribio lilichojibu. Akiona rangi nyekundu ya Griess, huandika kwamba ameona amini ya aromatiki ya daraja la kwanza. Jina la amini huliandika baadaye, akiisha kuilinganisha na nyingine inayojulikana na kuona kwamba tabia zote zimepatana, kama alivyofanya Hofmann kwa mafuta yale manne.